Tupeane uzoefu: tiketi ya ndege unakata kwa shirika lenyewe au unapitia kwa wakala?

Mguu Njiani (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Nimetoka kuumia na hasira bado ninazo, mnivumilie nianze na yangu.

Nilikata tiketi ya kwenda na kurudi kwenye tovuti moja ya kulinganisha bei. Ilizidiwa kidogo tu na bei ya shirika lenyewe, ila nani anakataa nafuu? Kwenda nikaenda salama. Siku ya kurudi nafika kaunta, begi liko kwenye mizani, dada anabofya, ananyamaza, anabofya tena. Halafu kwa upole kabisa: "Kaka, hukupata taarifa?"

Taarifa gani? Ratiba ilibadilishwa wiki tatu nyuma, ndege yangu ya jioni ikawa ya asubuhi. Ilishaondoka. Nikabisha kwamba sikutumiwa kitu, akanigeuzia skrini nijionee. Barua pepe waliyokuwa nayo haikuwa yangu. Ilikuwa ya ile tovuti, mlolongo wa herufi na namba ambao hata kuusoma huwezi. Simu nayo si yangu. Yaani shirika lilitoa taarifa vizuri kabisa, ila kwa mtu mwingine.

Nikaomba anipandishe ya kesho. "Tiketi ilitolewa na wakala, mpigie yeye abadilishe." Nikapiga. Nimechuchumaa kwenye soketi nyuma ya mashine ya kuzungushia mabegi nailoni, chaji asilimia tisa, nasikiliza muziki dakika arobaini na kitu. Alipopokea mtu akaniambia nizungumze na shirika. Nikamwambia niko hapo hapo kwa shirika, naliona. Simu ikakatika.

Nikanunua tiketi nyingine ya kurudi tu. Ile nafuu yangu iliishia kwenye muda wa maongezi peke yake.

Haya, ninyi wenzangu mnakata wapi? Leteni mikasa, mibaya na mizuri.

Kaunta Namba 9

Pole sana mkuu. Nimekaa ofisi ya tiketi miaka kumi na moja kabla ya kubadili kazi, ngoja nikueleze kilichotokea kwa upande wa ndani.

Wakala akikukatia, anafungua buking kwenye mtambo wake, mara nyingi Amadeus, Sabre au Travelport. Mtambo unatoa kodi, yaani msimbo wa herufi na namba sita, ndiyo tunayoiita PNR. Shirika nalo linakuwa na kodi yake kwa safari hiyohiyo, ndiyo maana wengine huingiza ile ya wakala kwenye tovuti ya shirika na kuambiwa haipo. Haipo kweli. Mwombe akupe kodi ya shirika.

Ratiba ikibadilika, ujumbe unaangukia kwenye foleni ya wakala ndani ya mtambo. Wakala makini anafungua foleni kila asubuhi kabla hajanywa chai. Tovuti kubwa ina maelfu ya jumbe kwenye foleni hiyo, na baadhi yao huweka anwani zao mahali pa anwani ya abiria kwa makusudi, maana hawataki shirika lijuane na mteja wao.

Ila hapo kaunta ulionewa. Shirika likikubadilishia ratiba lenyewe, na siku ya safari ndiyo hiyo, lina uwezo wa kuichukua tiketi na kukupanga ndege nyingine. Pengine yule dada hakuwa na ruhusa hiyo kwenye akaunti yake. Siku nyingine omba msimamizi wa zamu, kwa heshima, na usiondoke kaunta.

Mguu Njiani

Msimamizi wa zamu! Kumbe nilikuwa nahangaika na soketi.

Dirisha la Kushoto

Mimi nakata kwa shirika tu, na sababu ni herufi moja. Nilijaza fomu usiku nimechoka, jina la ukoo likaruka "h". Nimegundua asubuhi, nikapiga, dakika sita wamerekebisha, bure. Mwenzangu wa kazini alifanya kosa lilelile kupitia wakala wa mtandaoni. Shirika likamwambia aende kwa wakala, wakala akasema sera ni kufuta na kukata upya, makato juu yake. Herufi moja, jamani.

Bibi Mizigo

Yangu ilikuwa ya ndege mbili zilizoshonwa na tovuti. Kwenye skrini ilionekana safari moja nzuri, bei ya kuvutia, pumziko la saa tatu katikati. Chini kabisa kwa maandishi ya kijivu waliandika kwamba nitajihamisha mwenyewe. Nilielewa nitatembea kutoka geti moja hadi jingine. Si ndiyo kujihamisha?

Kumbe ni tiketi mbili tofauti, mashirika mawili yasiyofahamiana. Begi langu lilibandikwa lebo ya mpaka katikati tu. Ili nilichukue na kulikabidhi upya ilibidi nipite uhamiaji, yaani niingie nchi ya watu, na viza sina. Pale kaunta ya kwanza kabisa wakakataa kunipandisha. Mume wangu akauliza kama naweza kwenda bila begi. Hakutania, alikuwa anatafuta ufumbuzi, lakini nilimkodolea macho mpaka akaenda kununua maji.

Nilipodai hela, tovuti ikasema ndege zote mbili ziliruka kwa wakati, kosa ni langu.

Kaunta Namba 9

Dada, hii imeumiza wengi. Kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni juu ya shirika kukufikisha. Kwenye tiketi mbili, wa pili anakuhesabu hukutokea, basi. Kuna tovuti zinauza "dhamana" ya kuunganisha, lakini ile ni ahadi ya tovuti, shirika halihusiki nayo na haikupi viza.

Mkaa Nyuma

Naona mawakala wanachapwa tu humu. Mimi wakala wangu simuachi. Tulisafiri watu tisa kwa msiba, wazee wawili, mtoto mchanga mmoja, kila mtu anarudi siku yake. Jaribu kujaza hiyo kwenye tovuti uone. Mama wa ofisini alishikilia viti saa kumi jioni, tukachangishana usiku, asubuhi akatoa tiketi. Mzee mmoja alihitaji kiti cha magurudumu, akakiingiza. Mtoto akawekewa kitanda cha ukutani.

Wakati wa kurudi ikaja dhoruba, ndege zote zikafutwa. Foleni ya kaunta ilikuwa inazunguka nguzo mara tatu. Mimi niko kwenye nguzo ya pili, simu inaita, ni yeye: "Kaka, nimewaweka ya kesho saa nne, wote tisa, tokeni hapo mkalale." Nilipogeuka kuwaambia wenzangu, jamaa wa nyuma yangu aliuliza kama ninaweza kumpa hiyo namba.

Tofauti ni kwamba huyu ana jina, ana mlango, na nikimkasirikia naujua mlango.

Dirisha la Kushoto

Sasa huyo ni mtu, mkuu. Mleta uzi analia na tovuti isiyo na uso.

Mkaa Nyuma

Ndiyo ninachosema. Msiwaweke kapu moja.

Sina Haraka

Mimi nilikata "moja kwa moja" nikapigwa bado. Niliandika jina la shirika kwenye sehemu ya kutafuta, nikabofya cha juu kabisa. Rangi zilezile, ndege ileile imepaa kwenye picha. Nimelipa. Benki inanitumia ujumbe, jina la aliyekata hela silijui. Kumbe lile la juu lilikuwa tangazo la wakala. Tiketi ilikuwa halali, sikatai, ila imeongezwa "ada ya huduma" ambayo mpaka leo sijui walinihudumia nini.

Mbaya zaidi ni namba za simu. Tafuta namba ya huduma kwa wateja ya shirika lolote, utakuta za bandia zimejaa. Shangazi yangu alipiga moja, akaombwa namba za kadi "kuthibitisha abiria". Bahati yake kadi haikuwa na kitu.

Mwanafunzi wa Mwisho

Swali la kijinga: inakuwaje wakala auze chini ya bei ya shirika?

Kaunta Namba 9

Si la kijinga. Wapo wenye mikataba ya bei za jumla ambazo huzioni kwenye tovuti ya shirika: vikundi, mabaharia, wanafunzi. Hizo nafuu ni za kweli. Wengine wanashusha bei ya mbele kwa hasara ili watokee wa kwanza kwenye orodha, halafu wanaifidia kwenye begi, kiti, bima na ada ya kubadilisha. Fika mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo pande zote mbili ndipo ulinganishe.

Na mashirika nayo yanapigana. Septemba 2015 kundi la Lufthansa lilianza kutoza euro 16 kwa kila tiketi iliyopitia mitambo ile niliyoitaja. Mawakala walipiga kelele sana, na mashirika mengine makubwa yakafuata njia hiyohiyo.

Karani wa Madai

Nichangie upande wa kurudishiwa hela, ndiko ninakofanyia kazi.

Angalia kwanza jina lililotokea kwenye taarifa ya benki. Likiwa la shirika, dai kwa shirika. Likiwa la wakala, hela inarudi kwa mlolongo: shirika kwa wakala, wakala kwako. Baadhi ya tovuti hulipia tiketi yako kwa kadi yao wenyewe, hivyo shirika linaporudisha, linarudisha kwenye kadi ile. Shirika likikuambia "tumesharudisha" na wakala akasema "hatujapokea", mara nyingi hela imelala hapo katikati. Omba shirika tarehe na kiasi kwa maandishi, ndipo umkabe wakala. Akiendelea kuzungusha, ipo njia ya kupinga malipo kupitia benki iliyotoa kadi, ila ina ukomo wa muda, usimsubiri miezi.

Sheria nazo hazifanani. Kwa safari zinazohusu Marekani, shirika linatakiwa likuruhusu kughairi bila makato ndani ya saa 24, au likushikilie bei saa 24 bila kulipa, mradi umekata siku 7 au zaidi kabla ya safari. Hiyo inalibana shirika, haimbani wakala. Ulaya, kanuni namba 261 ya 2004 inadai shirika lirudishe nauli ndani ya siku 7 likifuta ndege, na fidia ya euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali ni haki ya abiria bila kujali alikata wapi. Wengi wanaiacha hiyo fidia kwa sababu wanadhani haki iko kwa aliyewauzia.

Bibi Mizigo

Kwa hiyo kuna watu wanakaa na hela zetu kwenye kadi zao miezi na wanalala usingizi?

Karani wa Madai

Fofofo.

Kiti cha Katikati

Mimi hutumia zote mbili. Tovuti za kulinganisha ni za kuchungulia: nani anaenda, siku gani, anapitia wapi. Nikishajua, naingia kwa shirika mwenyewe. Safari ngumu, mashirika matatu, nampigia wakala mwenye ofisi.

Ila na huko kwa shirika msidhani ni peponi. Malipo yaligoma, nikarudia, nikakatwa mara mbili, halafu nikaachiwa roboti ya kuchati inayonijibu "samahani, sijaelewa" kila nikiandika neno "hela". Siku tisa. Na kuna ile ya kununua kwa shirika moja ukafika ukakuta ndege ni ya shirika jingine walioshirikiana namba ya safari. Hapo kila mmoja anakutuma kwa mwenzake, na wakala hayupo wa kumlaumu.

Mwanafunzi wa Mwisho

Nimeshakata kwa tovuti tayari, naruka mwezi ujao. Nifanyeje sasa, nilie?

Kaunta Namba 9

Usilie. Ingia tovuti ya shirika leo, weka kodi ya shirika na jina la ukoo. Ikifunguka, weka barua pepe na simu yako mwenyewe, wengi wanaruhusu. Kisha tafuta namba ya tiketi, tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 176 Emirates, 157 Qatar Airways, 071 Ethiopian, na kadhalika. Ukiona kodi ya buking ipo lakini hizo tarakimu 13 hazipo, bado huna tiketi. Una kiti kilichoshikiliwa na kina saa yake ya kufa. Piga siku hiyohiyo. Baada ya hapo rudi kuchungulia kila wiki.

Na usije ukaacha kipande cha kwanza ukadhani utapandia katikati. Usipotokea mwanzo, vipande vyote vya mbele vinafutwa.

Mguu Njiani

Ahsanteni wote. Baada ya kusoma haya nimekumbuka kwamba mama yangu anasafiri Ijumaa na tiketi yake nilikata mimi, siku ileile, kwenye tovuti ileile. Ndiyo, najua.

Nimeingia kwa shirika sasa hivi. Kodi imekubali. Tarakimu 13 zipo. Barua pepe ni ile ile ya herufi na namba, nimeifuta nimeweka yangu. Nilikuwa napumua hapa, nikasema nilinganishe na picha ya pasipoti yake kwa amani ya moyo.

Nimeruka "h".

Dirisha la Kushoto, naomba uniambie ulipiga namba gani, na uliipata wapi.