Naomba ushauri: boti yetu ya wagonjwa ianze na huduma ya msingi au ya juu?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kamati yetu ya kijiji, kisiwani Pate, imepata boti ya kuwapeleka wagonjwa Lamu, safari inayotegemea maji kujaa na kupwa, na sasa tumekwama juu ya mafunzo ya wahudumu wake.

Huduma ya msingi tunaielewa: kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30, kuzuia damu, na kutumia mashine ya kushtua moyo inayomwelekeza mtumiaji kwa sauti. Huduma ya juu huongeza dripu, dawa kama adrenalini na mrija wa hewa kooni, nayo humtaka mtu aliyesomea tiba, ambaye kwetu ni adimu. Tabibu mmoja ametushauri tumtafute mtu huyo; mwingine ametutajia utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2004, ulioonyesha kwamba, pale ambapo moyo uliosimama ulikwisha kushtuliwa mapema, kuongeza huduma ya juu hakukuongeza idadi ya walionusurika. Lakini kule magari yalifika upesi, nasi tuna bahari. Na wanaotutia hofu zaidi ni kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua.

Je, kwa fedha zetu chache, tuwafunze manahodha na vijana wengi huduma ya msingi, au tumwajiri mhudumu mmoja wa huduma ya juu? Na kwa mama anayevuja damu, ni kipi cha lazima kiwemo botini?