Wakuu, mkurugenzi wa burudani ana uzito gani kwenye meli ya kitalii? Nataka kuwapeleka wazazi

BintiTanga_HTX

Habari zenu wanajamvi. Niko Houston, na wazazi wangu wanakuja kutoka Tanga kunitembelea. Nimeamua kuwapeleka safari ya meli ya usiku saba kutoka bandari ya Galveston: Roatán kule Honduras, halafu Costa Maya na Cozumel upande wa Meksiko, na siku tatu nzima za baharini tu.

Nimebaki na tarehe mbili, meli ni ileile. Wiki ya kwanza kutakuwa na mkurugenzi wa burudani anayesifiwa sana. Wiki ya pili huyo atakuwa likizo na atakayeshika nafasi yake bado hajulikani. Wiki ya kwanza imezidi dola 380 kwa sisi watatu. Dada mmoja ninayefanya naye kazi ameshasafiri sana na meli hizi, na ameniambia nisikate tiketi kabla ya kujua nani yuko kwenye kipaza sauti. Anasema yule mtu ndiye safari yenyewe.

Kwa wasiomfahamu: ni mkubwa wa burudani zote melini. Asubuhi sauti yake inasikika kwenye spika akitangaza ratiba ya siku, jioni anafungua maonyesho ukumbini, katikati anaongoza michezo na mashindano.

Baba ana miaka 71, mtulivu, Kiingereza anasikia kidogo. Mama ana 66, Kiingereza hajui kabisa, lakini ni mtu wa watu na ngoma ikilia hakai. Sitaki wajifungie chumbani wiki nzima wakinisubiri mimi niwatafsirie. Je, huyo mtu ana thamani ya hizo dola 380? Naomba kuwasilisha.

Mdau_wa_Dallas

Lipa, dada. Nimepanda meli moja mara mbili chini ya wakurugenzi tofauti, na ilikuwa kama meli mbili. Wa kwanza ungemkuta kila mahali: mlangoni mwa ukumbi anawashika watu mikono, saa tano usiku bado yuko sakafuni anacheza nao. Wa pili tulimsikia kwenye spika tu, akituuzia bingo na minada ya picha.

Umeshawahi kwenda kwenye harusi yenye ukumbi mzuri, chakula kizuri, halafu MC mbovu? Unarudi nyumbani unamzungumzia MC. Ndivyo ilivyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni siku bandari inapofutwa. Sisi tulinyimwa Costa Maya na upepo. Nahodha alitangaza asubuhi kwamba hatutatia nanga, watu wakanuna. Kabla ya adhuhuri ratiba mpya ilikuwa imeshatoka: mashindano bwawani, darasa la salsa, mchekeshaji wa ziada alasiri. Kazi hiyo ni ya mkurugenzi na watu wake, na aliye legelege atawaacha mkitazamana siku nzima.

Southampton_Msafiri

Naona tofauti na mdau hapo juu. Mimi na mke wangu huwa tunasafiri na Queen Mary 2, na ukiniuliza jina la mkurugenzi wa burudani hata mmoja, sina. Tunakwenda kwa ajili ya maktaba, mihadhara, chai ya alasiri na dansi ya ukumbini yenye bendi kamili. Mtu wa kunipigia kelele bwawani angeniharibia.

Ziko pia meli za baharini za Viking, zinazochukua abiria 900 na kitu, hazipokei mtoto aliye chini ya miaka 18 wala hazina kasino. Huko mkurugenzi ni mwenyeji mpole: anakutambulisha kwa mhadhiri, anakueleza kesho mnashuka wapi, basi. Sasa linganisha na Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari Januari 2024, ambayo ikijaa inabeba abiria 7,600. Humo hata mkurugenzi awe hodari namna gani, utamwona kwa mbali jukwaani. Kwa hiyo swali lako haliwezi kujibiwa bila kujua meli na bila kumjua msafiri. Baba yako, kwa maelezo yako, ni mtu wa maktaba.

Mlikoni

Nimechelewa kuuona uzi huu. Dada, wafikishie wazee shikamoo zangu. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, na nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye timu ya burudani ya meli ya kitalii, kwa hiyo nieleze kutoka ndani.

Kwanza tutenganishe kazi zake na zisizo zake. Chakula si chake, vyumba si vyake. Vyote viko chini ya mkurugenzi wa hoteli, ambaye ndiye bosi wake. Njia ya meli ni ya nahodha. Hata yale maonyesho makubwa ya jukwaani, kwenye kampuni kubwa hutengenezwa nchi kavu, waigizaji wanafanyishwa mazoezi huko, wanaletwa wakiwa tayari. Wachekeshaji nao hupangwa na ofisi. Akibadilishwa mkurugenzi leo, onyesho la kesho usiku ni lilelile.

Kilicho chake ni ratiba na watu. Ratiba: nini kiwekwe saa ngapi, wapi, kisigongane na nini. Mkurugenzi mzuri hapangi muziki wa wazee saa ileile ya chakula chao cha jioni. Watu: msaidizi wake, vijana wa michezo, madijei, mafundi wa sauti, wanamuziki. Akiwa mtu wa kuwatukana nyuma ya pazia, abiria mtaona tu tabasamu za kulazimishwa. Akiwa mtu wa kuwajali, wanazunguka usiku kucha bila kusukumwa. Hapo ndipo namuunga mkono mdau wa Dallas: timu nzima huchukua sura ya mkubwa wake. Mwangalieni John Heald wa Carnival, Mwingereza aliyeanzia kwenye kazi ya baa melini, akawa mkurugenzi wa burudani, leo ni balozi wa kampuni nzima. Mtu wa namna hiyo anajua kazi ya aliye chini yake ina uzito gani.

Lakini dada, dola 380 usilipe, na sababu ni mbili.

Mikataba yao ni ya miezi kadhaa, kisha likizo, na ofisi huwahamisha inavyotaka. Mtu anaugua, meli nyingine inapungukiwa, mkurugenzi wako anashushwa Cozumel na kupandishwa ndege. Zile orodha zinazozunguka mitandaoni si ahadi, na hakuna atakayekurudishia pesa kwa sababu hiyo.

Ya pili ndiyo kubwa. Hawa wenye majina wanasifiwa kwa ulimi wao. Utani wao ni wa Kiingereza, tena cha Kimarekani, wa timu za mpira na vipindi vya televisheni vya huko. Ukumbi mzima utacheka, na mama atakugeukia akuulize kimesemwa nini. Ukimaliza kutafsiri, kicheko kimeshapita. Kwa mama yako mkurugenzi bora duniani ni sauti tu kwenye spika. Dijei anayejua kupiga rumba atamfaa zaidi kuliko huyo.

Atakayegusa safari yao kila siku ni mhudumu wa chumba na mhudumu wa mezani. Chagua chakula cha jioni cha saa maalumu, ili wawe na meza ileile na mhudumu yuleyule kila usiku. Siku ya pili atakuwa ameshajua mzee anakunywa chai ya namna gani. Na muangalie beji za wafanyakazi: kampuni nyingi huandika nchi ya mtu chini ya jina lake. Wakenya tumejaa kwenye hizi meli siku hizi. Mama akipata mtu mmoja wa kumwamkia kwa Kiswahili asubuhi, hatakuwa na habari na wewe tena.

Nesi_Toronto

Nje ya mada kidogo, ila ni muhimu: hakikisha viza za wazazi zinaruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja. Meli ikitoka Galveston wametoka nchini, na watakaporudi wataingia upya. Soma pia masharti ya Honduras na Meksiko kwa pasipoti ya Tanzania kabla ya kulipa chochote.

Mkaazi_Durban

Mlikoni amesema vizuri, ila mimi kila nikisikia cheo hiki kinazungumzwa kama cha uchekeshaji tu, nakumbuka Oceanos. Agosti 1991 meli hiyo ilitoka bandari ya East London, hukuhuku Afrika Kusini, kuja hapa Durban, ikaingia maji na kukatika umeme kwenye dhoruba ya pwani ya Transkei. Nahodha aliondoka kwa helikopta huku abiria wengi wakiwa bado melini. Waliobaki kuwatoa watu ni watumbuizaji: mpiga gitaa Moss Hills aliyeomba msaada kwa redio, mkewe Tracy, na mkurugenzi wa burudani Lorraine Betts. Walikuwamo watu 571 na wote wakaokolewa. Sisemi ndiyo maana umlipie mtu dola 380. Nasema abiria waliwasikiliza wale kwa sababu siku zote ndizo sura walizokuwa wakiziona.

BintiTanga_HTX

Asanteni sana, nimesoma yote. Viza zao ni za kuingia mara nyingi, hilo nilishalihakiki, ila masharti ya Honduras nayafuatilia leo. Nimechukua wiki ya pili. Zile 380 zitasaidia kupata chumba chenye baraza, sehemu ya katikati ya meli, baba akae atazame bahari akichoka na watu.

@Mlikoni, swali la mwisho kaka yangu: wazazi hawali nyama isiyo halali. Nimwone nani, na lini?

Mlikoni

Usingoje mpande. Piga simu kampuni sasa, uliza idara ya mahitaji maalumu, uwape namba ya tiketi na waandike ombi lako. Usipumzike mpaka upate uthibitisho kwa barua pepe. Uliza waziwazi kama nyama yao ina cheti au wanakupa tu samaki na mboga, maana hutofautiana. Jioni ya kwanza nenda mezani mapema kidogo, umuulize mkuu wa wahudumu wa ukumbi kama ombi limemfikia. Kila usiku baada ya hapo mhudumu awaletee menyu ya kesho yake wachague, jikoni wapate muda wa kutayarisha. Na mnong'oneze kuhusu pombe, maana baadhi ya michuzi na keki huwekewa mvinyo.