Naomba ushauri: nianzie wapi kufundisha Mwamko wa sanaa?

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa. Nafundisha kidato cha tatu hapa Jinja, tumefika kwenye Mwamko wa sanaa na fasihi Ulaya (Renaissance). Juzi nikasema sanaa "ilizaliwa upya" kule Florence, Italia. Kijana wa nyuma akauliza, "Kwani mwalimu, ilikufa lini?" Darasa likaangua kicheko, nami chaki mkononi. (Swali zuri, kusema kweli.)

Nafikiria nianzie nyumbani: madarasa ya uchoraji ya Margaret Trowell, Makerere, miaka ya 1930, kisha mkutano wa waandishi wa Afrika hapohapo mwaka 1962, ndipo niende kwa mchoraji Leonardo da Vinci na mashine ya Gutenberg ya kuchapa vitabu. Je, nitawachanganya? Picha ninayo moja tu, fotokopi iliyofifia, na wanafunzi 70. Aliyewahi kujaribu alifanyaje?