FJ45 ya 1978: kuweka diski za mbele na pawa stelingi kutoka FJ60

Mgeta78

Wakuu, habari za kazi. Nina pickup Land Cruiser FJ45 ya 1978, injini 2F ya petroli, usukani kulia, ringi 16 na tairi 7.50. Breki ni dramu miguu yote minne, stelingi ya kawaida. Inabeba kilo 800 hadi tani moja, njia ya milima. Ikivuka maji breki inavuta kushoto mpaka ikauke, na kona za mteremko ikiwa na mzigo usukani ni mzito mno.

Kuna FJ60 (Land Cruiser stesheni wagoni) iliyogongwa nyuma, mwenyewe anauza vipande. Nichukue nini? Fundi wangu anasema diski zitafungwa na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ya zamani itabaki. Ni sawa?

chuma_na_grisi

Masta ya zamani haibaki. Masta ya dramu ina vali ndogo kwenye mdomo wa kutolea inayobakiza presha kidogo kwenye paipu (kama psi 10) ili raba za wili silinda (silinda ndogo za breki kwenye gurudumu) zisiachie. Kwenye diski presha hiyo inafanya pedi zikae zimegusa muda wote: unatembea kilomita kumi, habu (kitovu cha gurudumu) haishikiki kwa moto, grisi inayeyuka. Pia kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya FJ60 ina pistoni 4 na inameza mafuta mengi kuliko wili silinda, kwa hiyo masta ya dramu na kikopo chake kidogo haviitoshi.

Chukua kila kitu kuanzia nako (kiungo cha mwisho wa ekseli kinachogeuza gurudumu) kwenda nje, pande zote mbili: nako, spindo (mhimili unaobeba habu), habu, diski, kalipa na vibao vyake. Ongeza masta, busta (kisaidizi cha breki cha vakyumu) na vali ya kugawa presha ya nyuma. Kuna watu hufunga kalipa kwenye nako ya dramu kwa kusaga hapa na pale. Inawezekana, ila kama seti nzima iko mbele yako, kusaga ni kwa nini? Jointi na shafti za ndani hesabu meno kabla ya kulipa, za miaka tofauti hazioani zote.

Diski ipime unene, kiwango cha chini kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ikiyumba pembeni zaidi ya milimita 0.15 inapozunguka, pedali itatetemeka. Ringi zako za 16 hazina shida. Mwenye ringi 15 ajaribishe kwanza, kuna zinazogusa kalipa.

Wakati wa kufunga nako, weka shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha) mpaka mizani ya kuvuta isome kama kilo 3 hadi 5 kwenye tundu la tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele), sili kubwa ya nyuma ikiwa bado haijafungwa. Ikilegea, usukani utatikisika kwenye barabara ya mawe na utailaumu stelingi bure. Nati za habu tumia soketi ya 54, si patasi na nyundo. Kaza Nm 60 huku unazungusha habu, legeza, kaza tena kidogo, kisha nati ya kufungia.

dramu_bado

Sipingi diski, lakini kabla hujanunua fungua hizo dramu. Gari la mwaka huo lina wili silinda 2 kila mguu, yaani 8, na kila moja ina nyota yake ya kurekebisha. Mafundi wengi wanarekebisha moja na kuiacha ya pili, shuu moja inafanya kazi ya mbili. Zungusha nyota mpaka gurudumu ligome, rudisha meno machache mpaka lizunguke huru, kisha nenda ya pili. Kuvuta upande baada ya maji ni tabia ya dramu. Ikivuta hata kavu, hapo kuna silinda iliyoganda au sili ya habu inayovujisha oili ya difu kwenye shuu. Na dramu za nyuma bado utabaki nazo, kwa hiyo kazi hii huikwepi.

chuma_na_grisi

Hapo uko sahihi kabisa. Nyuma ikiwa mbovu, diski za mbele zitabebeshwa kazi yote na utamaliza pedi kila mara.

stelingi_nyepesi

Nije kwenye stelingi. Chukua boksi la stelingi la FJ60, pitimani (mkono unaotoka kwenye boksi), draglinki (fimbo inayotoka pitimani hadi kwenye nako), mkono wa nako ya kushoto ambako draglinki inaishia, shafti yenye jointi inayounganisha na usukani, pampu, breketi yake, puli na mipira yote. FJ60 ikiwa ya 2F, pampu na breketi vinakaa kwenye injini yako bila kubuni. Ukinunua pampu peke yake utahangaika na mstari wa mkanda kuliko ulivyohangaika na boksi.

Kazi ngumu iko kwenye chesisi. Mkono wa kati uliopo kwenye krosmemba (chuma kinachokatiza chesisi) ya mbele unatoka, boksi linasogea mbele. Usitoboe chesisi na kukaza boliti tu. Chesisi ni boksi tupu ndani, boliti ikikazwa kuta zinabonyea, boliti inalegea, halafu ufa unaanzia kwenye tundu. Pitisha vipande vya bomba nene ndani ya matundu, vichomelewe pande zote, ongeza bati la milimita 6 kwa nje, boliti za 10.9. Kabla ya kuchomelea, shikisha boksi kwa klempu, shusha gari likae kwenye springi zake na uangalie draglinki. Ilale karibu sambamba na ekseli. Ikipanda mwinuko mkali, kila shimo litazungusha usukani.

Pitimani ivae boksi likiwa katikati: hesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu, magurudumu yakiwa yamenyooka. Kisha rekebisha boliti za kuzuia kwenye nako ili gurudumu ligonge boliti kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani. Mafuta ya stelingi ni ATF Dexron (yale ya giaboksi za otomatiki).

Mgeta78

Asante sana. Kuna boksi limetoka Dubai kwa bei nzuri kuliko hilo. Je?

stelingi_nyepesi

La Dubai ni la usukani kushoto. Liache. Aliyeko Bujumbura au Goma, wanakoendesha upande wa kulia, ndiye wa kulitafuta.

chuma_na_grisi

Ya mwisho kwenye breki. Kijiti cha busta kikae na nafasi ya kama nusu milimita kabla ya kusukuma masta. Kisipokuwa na nafasi, tundu la kurudishia mafuta linazibwa na breki zinajikaza zenyewe zikipata moto. Kupima: zikishika, legeza nati za masta. Zikiachia, kijiti ni kirefu. Zisipoachia, legeza paipu kwenye masta. Zikiachia hapo, masta ndiyo inayobana presha. Zikikataa bado, angalia mpira wa kalipa uliovimba ndani.

Upepo toa kuanzia gurudumu la mbali na masta. Nipeli (boliti ndogo yenye tundu) ya kutolea upepo ikae juu ya kalipa. Ikiwa chini, umebadilisha kushoto na kulia, na pedali haitapanda hata ukimaliza debe.

Vakyumu ya busta inatoka kwenye manifoldi kupitia vali ya njia moja. Geji isome karibu inchi 18 za zebaki usawa wa bahari. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, inchi 5 pungufu ni kawaida. Wenye dizeli wanahitaji pampu ya vakyumu.

Na ATF isiingie kwenye kikopo cha breki hata tone. Raba zote zitavimba na utafungua mfumo mzima upya.