Nataka kusomea mazingira chuo, nichukue kozi gani?

panzi_kijani: Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Nataka kusomea mambo ya mazingira, sasa naona kuna sayansi ya mazingira, masomo ya mazingira, uhandisi wa mazingira, majina yanafanana mpaka kichwa kinauma. Biolojia naipenda, kemia naenda nayo hivyo hivyo, fizikia tulishaachana kwa amani. Sitaki nifike mwaka wa pili nianze kujuta.

MzeeWaMaabara: Kama fizikia mmeachana basi uhandisi sahau, kule ni hesabu nzito, mwendo wa maji kwenye mabomba na kubuni mitambo ya kusafisha majitaka. Sayansi ya mazingira ni maabara na fildi, unapima pH (kiwango cha asidi) na oksijeni kwenye maji, unachukua sampuli za udongo, halafu takwimu, na hizo takwimu ndo zinawatoa watu jasho. Masomo ya mazingira yanaegemea sera, sheria na uchumi. Ila usiamini jina, kila chuo kinaita kivyake, we tafuta orodha ya masomo ya miaka yote uisome, ukikuta kemia na takwimu zimejaa ujue hiyo ni sayansi hata kama wameibatiza vingine.

dadaramani: Naongezea hapo kwa mzee. Mi nilisoma upande wa sera, nikamaliza najua kuandika ripoti tu, kwenye usaili naulizwa GIS, yaani kutengeneza na kuchambua ramani kwa kompyuta, nabaki nimetoa macho. Ikabidi nijifunze mwenyewe, bahati nzuri programu ya kazi hiyo, QGIS, ni ya bure na picha za setilaiti za Landsat nazo bure tangu 2008, na zinaanzia 1972, kwa hiyo unaweza kuchukua msitu mmoja ukaangalia ulivyoliwa mwaka hadi mwaka. Saivi nafanya tathmini ya athari kwa mazingira na kilichonipa kazi ni hizo ramani. Kozi yoyote utakayochukua hakikisha GIS imo.

kobe77: Mi napingana nanyi kidogo. Kama biolojia anaipenda asome biolojia yenyewe, ekolojia imo humo humo, mazingira atakuja kuyasoma masta. Hizi kozi zinazogusa kila kitu unaweza kutoka unajua vingi nusu nusu.

dadaramani: @kobe77 hapo sikubishii sana, ila sheria za mazingira biolojia hawakufundishi

panzi_kijani: Asanteni sana. Nimefungua orodha ya kozi moja ya sayansi ya mazingira, mwaka wa kwanza fizikia ziko mbili 😅 ngoja niendelee kutafuta