Tamathali zimejaa, insha haina uhai

Swali: Wanafunzi wangu hupachika tashbihi (kufananisha kwa "kama" au "mithili ya") kila sentensi, lakini insha inabaki baridi. Nirekebisheje?

Jibu 1: Shida ni tashbihi za kukariri. Wafute zote, wabakize moja kwa aya, tena itokane na tukio lenyewe. Badala ya "aliogopa kama kifaranga aliyeona mwewe", waandike: "Ufunguo uligonga kitasa mara tatu, haukuingia." Hofu inaonekana bila kutajwa.

Jibu 2: Naunga mkono. Mbinu rejeshi, yaani kusimulia tukio la awali katikati ya kisa, nayo huwaponyoka: wanarudi nyuma, kisha wanasahau kurejea. Kitu kimoja, tuseme mlio wa kengele, kifungue urejeshi na kiufunge.

Jibu 3: Na swali la balagha, lile lisilotaka jibu, jamani, lisijibiwe papo hapo! Likijibiwa, nguvu yake yote imekwisha.