Nimeuziwa vichokonoo 32 vya kufuli, vinavyofaa ni viwili. Hii ni dhuluma!

Wakuu, salamu kutoka Mtwara. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite.

Kabla hamjaniita jambazi: nafungua bila ufunguo, kwa vichokonoo (vyuma vyembamba vya kuchokolea ndani ya tundu), makufuli yangu mwenyewe, niliyoyanunua kwa hela yangu, nimekaa barazani baada ya isha, redio pembeni. Kwangu ni kama bao kwa wengine. Ujerumani wana chama cha mchezo huu tangu 1997, na mashindano juu. Miiko yao ni miwili: kufuli lisilo lako huligusi, na lililo lako likiwa kazini huligusi pia. Huo wa pili niliuvunja, nitafika huko.

Sasa huyu bwana wa Dar. Simtaji, mods wasije wakanifungia uzi. Aliweka picha ya pochi nyeusi imefunguliwa, vichokonoo vimepangwa humo vinang'aa kama vyombo vya daktari wa meno. Tangazo linasema vinafungua kufuli lolote. Nikamuuliza, kaka, mimi ndiyo naanza, umbo gani linanifaa? Akajibu, "Chukua seti nzima boss, umbo lolote utakalotaka limo." Na nyie wajuaji wa humu ndani, mnajijua, mkampigia debe: seti kubwa ndiyo mpango mzima, ukinunua kimoja kimoja utajuta. Nikatoa 95,000, na 5,000 ya kifurushi kwenye basi. Nikaenda kuupokea mzigo stendi ya Mkanaledi usiku kama napokea bibi harusi.

Nimevihesabu. Kumi na tisa ni vya kuparazia tu, yaani kusugua kwa pamoja pini zote (vile vijiti vidogo vya ndani vinavyolifunga kufuli), vile vyenye mgongo wa mawimbi. Mawimbi mawili, matatu, manne, mawimbi yaliyochongoka, mawimbi yaliyolala. Wimbi ni lile lile, wamelipindisha kidogo ili idadi ifike. Viwili vina vichwa vya duara, hivyo angalau vina kazi yake kwenye vile vikufuli vya droo na makabati. Almasi nusu tatu, vile vya ncha ya pembetatu. Ndoano nne. Vikazio vinne, vya kukazia silinda (ile sehemu inayozunguka na ufunguo) wakati unachokonoa, na vitatu kati ya hivyo ni vinene hivi kwamba ukikiingiza kimoja tundu limejaa, kichokonoo kipite wapi?

Unene ndiyo ulionichefua zaidi. Rafiki yangu ana karakana, tukapima kwa vernia, kile kipimo cha unene: milimita 0.8. Wenye mchezo wao wanatumia kama 0.6 kwa matundu ya kawaida, na 0.5 au 0.4 kwa membamba. Makufuli yetu haya ya dukani tundu lake ni jembamba halafu limejikunja kushoto na kulia. Kitu cha 0.8 kinaingia, sikatai. Lakini kikishaingia hakinyanyuki. Kimebanwa kama abiria wa siti ya nyuma kwenye Hiace.

Tukio lenyewe sasa. Nina kistoo ninakoweka magunia ya korosho. Jioni moja nikajidai, nikachukua almasi nusu nikaanza kuchokonoa kufuli la mlango wa stoo, lililofungwa, lenye kazi yake. Pini tatu za mwanzo zikakubali. Ya nne ikagoma. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena kwa hasira. Nikasikia "tik", nikajua si pini. Ncha imekatikia ndani, na sasa hata ufunguo wake hauingii. Gari la kupeleka magunia chama cha msingi linakuja saa mbili asubuhi! Ikabidi nimtafute kijana mwenye grenda usiku ule ule, 15,000, cheche zinaruka, majirani wametoka na tochi kumwangalia mtu anayekata kufuli la stoo yake mwenyewe. Mama mkwe hajaacha kucheka mpaka leo.

Kesho yake nikaibeba ile pochi mpaka kwa mzee mmoja fundi funguo pale sokoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hizi takataka kakuuzia nani?"

Nikamweleza kisa. Akaniambia nimpe ufunguo wa lile kufuli. Nikashangaa, ufunguo wa nini tena wakati mchezo wenyewe ni kufungua bila ufunguo? Akaunyanyua kwenye mwanga, akaupitisha ukucha juu ya meno yake polepole. "Unaona? Mlima, bonde, bonde, mlima. Wewe umeingia humo na kitu chenye tumbo."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndicho ambacho hakuna mjuaji hata mmoja wa humu aliyeniambia. Kila pini ndani ya kufuli ina kimo chake cha kupandishwa. Jino refu la ufunguo linaipandisha pini yake sana, bonde linaigusa tu. Kwenye kufuli langu ile ya nyuma ilitaka kupanda sana, na ya mbele yake ilitaka kidogo. Almasi nusu ina mteremko: ncha ikihangaika kuifikia ya nyuma, tumbo limeshaisukuma ya mbele kupita mstari wake, pale inapotakiwa kuishia. Unalegeza, unaanza upya, unakwama pale pale. Ukilazimisha unakunja chuma, na chuma kinakatika. Ndoano fupi inapita chini ya pini ya mbele bila kuisumbua, inainua moja tu unayoitaka. Kama meno ya ufunguo wako yanakaribia kulingana, hapo paraza na mawimbi yako, dakika moja tu, na mawimbi hayo hayahitaji kuwa ya aina kumi na tisa.

Kuangalia ufunguo kwanza! Jambo dogo hivyo. Mnajua kuandika "nunua seti kubwa" lakini hamjui kusema hivyo?

Na hilo neno "kufuli lolote" ni uongo mtupu. Vitasa vya milango yetu vya ule ufunguo mrefu wenye bendera mwishoni havina pini kabisa, vina vibamba, na vinataka chombo cha namna nyingine. Kwenye 32 hakuna hata kimoja. Mwaka 1851 kule London, Mmarekani Alfred Hobbs, fundi makufuli, alilifungua kufuli la kampuni ya Bramah lililokaa kwenye dirisha la duka lao kwa miongo kadhaa na zawadi ya gini 200 juu yake. Zilimchukua saa 51, akizigawa kwa siku 16, na alitumia vyombo alivyovitengeneza kwa ajili ya kufuli lile. Huyu wetu wa Dar ana pochi ya kufungua dunia nzima.

Mzee akachagua viwili, ndoano moja fupi na kikazio chembamba, vilivyobaki akavisogeza na kiganja kama anavyosogeza mtu maganda ya karanga. Ndoano akaibana kwenye jiliwa, akaipunguza unene kwa jiwe la kunolea, anasugua kidogo anachovya kwenye kopo la maji. Akanionya nikifanya nyumbani nisiiache ipate moto mpaka igeuke rangi ya bluu, chuma kinalegea kinakuwa kama waya wa kufungia kuku. Kisha msasa wa 400, halafu wa 800, mpaka ncha ikawa haikwaruzi kucha. Kikazio cha pili akanikatia kutoka kwenye kile kichuma chembamba cha ndani ya mpira wa waipa ya gari. Kazi yote 3,000. Usiku ule barazani kufuli jipya, ndugu wa lile lililokatwa, likaachia kwa dakika kumi na moja.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Mzigo ukishafunguliwa haurudi boss. Labda hujui kuvitumia." Nikamtumia picha ya vernia. Akaniblock.

Kwa hiyo mods, kama kuna jukwaa la matapeli nihamishieni huko, sijali. Na wewe uliyeniandikia "utakuja kunishukuru", njoo Chikongola uchukue vyako, nakupa vyote na pochi. Isipokuwa kimoja cha mawimbi matatu, hicho mke wangu amekiweka jikoni anatolea nyama ya kaa kwenye gando. Anasema kinaingia vizuri.